Kipimo ya Filtre Yenye Nilikula

Niseme mara moja, haya ipite: kipimo ya filtre ya motere ya pirogue, miye niliikula. Niliikula yote, mbele kidogo ya kuingia Butembo, basoda batatu na kamyo nzima ya batu bakinitazama, saa tano ya asubui, jua ikiwaka vizuri ili kila mutu aone.

Kipimo yenyewe ilikuwa bugali. Bugali ya mihogo, ya siku mbili, ngumu sawa kisigino ya mulimaji, na katikati ilikuwa na tundu yenye kunuka huile, mafuta ya motere. Wakati ile ya vita batu mingi balikula bitu bya ajabu juu ya njaa. Miye sikukuwa hata na njaa. Nilikuwa nimekunywa chai na mukate ku Beni.

Sasa nieleze namna mutu anafikaka pale.

Masomo niliiachaka mu mwaka ya tatu ya technique, section mécanique, juu ya vita. Siku ya mwisho professeur alitufundisha piston. Akasema: kesho tutaona graissage, ni kusema namna huile inatembeaka mu motere. Kesho yake yeye mwenyewe alikuwa ameshakimbia na famille yake, njia ya Uganda. Donc miye nilibaki fundi wa motere nzima, isipokuwa mahali penye huile inapita.

Baba yangu, kule Masereka, analimaka viazi na poireaux, kitunguu ya majani. Alifikiri sasa masomo imekufa, nitarudi ku shamba. Nikakataa. Nikamwambia niko mécanicien, naenda ku ziwa, kule kuko mamotere. Hakukasirika. Alifuta jembe yake na majani, akasema: "Enda. Viazi bitakungoja." Angenitukana ingekuwa afazali. Ile neno ilinikaa mu tumbo, na nikaapa: kurudi mule mu viazi, hapana.

Njo nikafika Kyavinyonge, kwa bavuvi ya Ziwa Edouard, na pale nikapata kazi ya kujaribiwa kwa Mama moja mujane. Alikuwa na pirogue kubwa ya mbao ya kubeba batu na samaki ya chumvi. Mapirogue ya bengine ilikuwa na motere ya kufunga nyuma, ile ndogo. Ya Mama ilikuwa na motere ya diesel katikati, yenye ilitokaka mu mashini ya kusaga mahindi huku Butembo. Marehemu bwana yake njo aliifunga mule. Ilisukuma muzuri, mais ilikuwa inatetemesha batu paka meno. Pale kijijini balisemaka: ukipanda na mahindi mu mufuko, utashuka na unga.

Mama alikuwa mutu wa maneno kidogo. Siku ya kwanza alinionyesha batoto sita benye balikuwa banakula ku ile motere, bake na ba dada yake mwenye alikufaka, halafu akaniambia: "Nakupatia mwezi moja. Motere ikitembea, uko fundi yangu. Ikikufa, uko mutoto ya baba yako."

Wiki mbili za kwanza nilipanguza ile motere sana. Kupanguza nilijua. Wiki ya tatu, siku ya kwanza, Mama akasema huile imekuwa nyeusi, tubadilishe, na filtre pia. Kwa benye hawajui: filtre ya huile iko sawa mukebe ya chuma, unaifunga ku ubavu ya motere, ku kipande ya bomba yenye iko na meno ya vis, ya kuzungushia. Huile inapita mule, uchafu unabaki. Nikaifungua na mikono yote mbili, vizuri, sawa fundi. Batu balikuwa banaangalia ku ukingo, na rafiki yangu, mwenye kushika usukani wa ile pirogue, alikuwa karibu yangu. Nikainua ile filtre juu kidogo ili baione. Ilikuwa imejaa huile. Ikateleza sawa samaki, ikagonga mbao, ikaruka ukingo.

Plop.

Kulikuwa viboko tatu pale, masikio nje ya maji. Hakuna mutu alijitolea kuogelea.

Mama akauliza, polepole: "Ile yenye imeanguka, iko ya kutupa?"

"Ndiyo, Mama. Ilikuwa nzee. Ya kutupa kabisa."

"Mupya iko wapi?"

"Tutanunua mupya, Mama."

"Utabaonyesha nini ku magasin, ili bajue ni gani?"

Pale njo nikaelewa mambo nilifanya. Kila mutu anaendaka ku magasin na filtre ya zamani mu mukono. Miye ya zamani nilipatia viboko. Ku motere, ile kibao ya jina na numero, marehemu aliipaka rangi ya blue, tabaka juu ya tabaka, haikusomeka hata herufi moja. Kulibaki tu ile kipande ya bomba na meno yake.

Mais mutu mwenye alisoma hata nusu, akili iko nayo. Nikaomba bugali. Batoto ya Mama balikuwa banapika ya saa sita. Nikachukua bonge moja ya moto, nikapaka huile ku bomba, nikaminya bugali pale juu vizuri, nikangoja ikauke, halafu nikaifungua polepole sawa boulon. Mungu anisaidie: meno yote ilitoka mule ndani, safi, moja kwa moja. Nilikuwa na furaha ya kulia.

Rafiki yangu akasema: "Ndugu, fanya mbio kuficha. Motere ikijua kama kuko bugali, kesho itaomba na samaki."

Mama hakucheka. Alinipatia feza ya filtre moja. Si mbili. Akasema: "Samaki yangu ya siku ya posho, ile ya sita, lazima ivuke. Siku ya tano jioni nataka kusikia hii kitu inapiga kelele. Kama haiko vile, usijisumbue kurudi hapa. Pitia moja kwa moja Masereka."

Siku ya pili nikapanda kamyo ya samaki, tukapita Kasindi, tukafika Beni. Bugali niliifunga mu sachet, nikaiweka ku magoti sawa yai ya bata. Mama moja pembeni yangu aliniuliza mara mbili kama niko mugonjwa.

Ku Beni niliingia mu magasin ya bitu bya magari. Nikaweka bugali yangu ku comptoir, nikafungua sachet. Kijana wa pale akaitazama, akanitazama.

"Papa, hapa tunauzisha filtre," akasema. "Restaurant iko ng'ambo ya barabara."

Nikamueleza. Akachungulia ndani ya tundu, akacheka paka akaegemea ukuta, mais kwa kweli alitafuta. Filtre yake yote ilikuwa ya makamyo, tundu yake kubwa. Akasema: "Uende Butembo. Butembo hakuna kintu yenye inakosekana, hata sasa." Nikalala kwa ba kanisa, asubui nikakunywa ile chai na mukate, nikapanda kamyo ingine.

Barriere, kizuizi ya basoda, ilikuwa mbele kidogo ya muji. Wakati ile kulikuwa barriere mingi na kila moja ilikuwa na bakubwa yake. Hata ungeuliza ni ba nani, ungepata shida tu. Bakatushusha sisi wote. Soda moja, kijana, macho nyekundu, akafungua sachet yangu.

"Oyo nini?"

"Ni kipimo, chef."

"Kipimo ya nini?"

"Ya filtre."

Akainusa. Akaita mwenzake. Mwenzake akainusa. Bonge ya mviringo, ngumu, na tundu katikati, na mafuta nyeusi ndani. Siku zile batu baliogopa sana dawa ya vita, ile ya kujipaka risasi isikuingie, na miye hata leo nakubali: kama ningekuwa soda, na mutu analeta kintu ya namna ile mu sachet, ningemufunga.

Wa tatu akaja, njo alikuwa chef yao, muzee kidogo. "Hii ni dawa," akasema. "Unaipelekea nani?"

Nikaona namna siku itamalizika. Mudomo ikaniponyoka: "Hapana, chef! Ni chakula! Ni bugali tu!"

"Ulisema kipimo."

"Kipimo ya... ya tumbo yangu, chef. Nakulaka kiasi ile."

Akanirudishia bonge. "Basi kula."

"Sasa hivi?"

"Kula."

Nikauma. Ndugu zangu, bugali ya siku mbili haikubali kuumwa, inataka kukatwa na panga. Nikauma tena. Ile huile ikanijia ku ulimi, na mule ndani ya huile kulikuwa kamuchanga kadogo ka chuma, nadhani ni motere ile ilikuwa inamalizika polepole. Nikasikia ku ulimi meno ya vis, moja moja, zile meno zote nzuri, zikivunjika. Nilikuwa nakula kazi yangu. Kila nikimeza nilikuwa naona viazi.

Mama moja wa ku kamyo akapiga kelele: "Yesu! Huyu anakula huile ya gari!"

Mwingine akamujibu: "Muache, pengine iko na safari ndefu."

Kamyo nzima ikacheka. Basoda nabo bakaanza. Nilifika nusu, nikamutazama yule chef na macho ya huruma. "Nyonso, yote," akasema, mais sauti yake ilikuwa imelegea. Nikamaliza. Akanipatia maji mu gobele yake mwenyewe, akanigonga mugongo, akasema: "Weye uko mwanaume. Dawa haiko vile. Pita." Ile ilikuwa diplome yangu ya kwanza.

Nikaingia Butembo bila kipimo.

Kulikuwa magasin moja mu centre, ya muzee wa Butembo kabisa, mwenye alikuwa anavuka kila mara kutafuta bitu, vita ao hakuna vita. Mali yake ilipangwa paka ku plafond. Nikamwambia: "Papa, natafuta filtre ya huile, ya motere ya diesel yenye ilitokaka mu mashini ya kusaga."

"Marque gani?"

"Blue, Papa."

"Blue si marque. Filtre ya zamani iko wapi?"

"Ku viboko."

"Kipimo?"

Nikamuomba nitie kidole yangu ya gumba mu matundu ya zile filtre, maana nilikumbuka ile bomba ilikuwa karibu unene wa gumba. Akaniruhusu. Nikatia kidole mu filtre kama makumi mbili, sawa mutu anaonja sosi. Mwisho zikabaki mbili. Urefu moja, kaucho ya mupira moja, tundu moja. Nikasema: "Ni moja ya hizi. Nipatie tu yoyote, zinafanana."

Ule muzee akavua lunettes ya macho. "Zinafanana kwa mutu mwenye anataka kuharibu motere. Hii meno yake ni ya millimètre. Hii ingine ni ya pouce, ya inchi. Kwa macho hauone kintu. Ukikosea itaingia, itakaza, utafurahi, utaimba. Halafu huile ikisukuma na nguvu, filtre inaruka, huile yote inaisha dakika moja, motere inaserrer, inajifunga. Kwisha. Unaisikia mara moja tu, krrr, na weye uko mulimaji."

Nilishangaa: alijuaje?

"Uko na feza ya mbili?"

"Ya moja, Papa."

Akafikiri. "Ile motere nadhani naijua. Kuko dada yake Bulengera, karibu na soko, inasaga mahindi. Beba zote mbili, ujaribu pale. Yenye haitapatana unarudisha. Uniachie viatu."

Nikamuachia viatu. Nikapanda Bulengera miguu chini, filtre moja mu kila mukono, na batu bananipisha njia sawa niko na mabomu.

Mashini ya kusaga haikunipatia shida kutafuta. Niliisikia kwanza. Tuku-tuku-tuku-pha. Tuku-tuku-tuku-pha. Ile "pha" ni kikohozi ya motere ya Mama, nilijua hata nikiwa mu usingizi. Nikakimbia. Ndani kulikuwa muzee moja mweupe kabisa, si ngozi, ni unga, paka ku nyushi. Na inje, ligne ya bamama na mabeseni ya mahindi, inafika ku barabara.

Nikamwambia muzee: "Papa, nakuomba simamisha motere, nifungue filtre yako kidogo."

"Nini?"

"SIMAMISHA MOTERE, NIFUNGUE FILTRE!"

"Nimesikia! Nilitaka kujua kama uko na wazimu!"

Bamama bakaamka. "Tangu saa moja tuko hapa!" "Batoto banangoja bugali!" "Na angalia, hata viatu hana!" Nikasimama sawa professeur, nikasema: "Bamama, ni essai technique." Hakuna mutu alitingizika. Nikabaambia na ile ya pouce na millimètre. Bakazidi kukasirika. Nikaona saa inaenda, jua inashuka, muzee atafunga, kesho siku ya ine, siku ya tano Mama anangoja ku ukingo.

Mama moja munene, mwenye alikuwa wa kwanza ku ligne, mukono ku kiuno, akaniuliza: "Mécanicien gani weye? Mbona hukuleta kipimo?"

"Nilileta, Mama."

"Iko wapi basi?"

Nilikuwa naweza kudanganya tena. Ile ya barriere ilikuwa imeshanifundisha matokeo yake. Nikaweka mukono ku tumbo.

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Niliikula. Ilikuwa ya bugali. Basoda balinilazimisha."

Halafu ule Mama akaweka beseni yake chini, akakaa juu ya mufuko ya mahindi, akacheka bila sauti, mabega tu inaruka. Ikaenda hivyo mu ligne yote, mutu anageukia mwenye yuko nyuma, "alikula kipimo!", unasikia kicheko inashuka paka ku barabara.

"Ilikuwa na chumvi?" akaniuliza, anapanguza machozi.

"Ilikuwa na huile, Mama. Chumvi hapana."

"Papa," akamwambia muzee wa unga, "simamisha. Nataka kuona paka mwisho."

Muzee akasimamisha. "Dakika kumi. Na utaiwasha weye, na manivelle, ile chuma ya kuzungusha."

Nikafungua filtre yake. Safari hii niliifunga na kitambaa, nikaishika sawa mutoto mudogo. Nikatia ile ya millimètre, mara tatu nikaizungusha, nikaitikisa mbele ya kuikaza. Ilicheza. Kidogo sana, sawa jino ya mutoto yenye iko karibu kung'oka. Nikatia ile ya pouce. Nikaitikisa. Haikucheza.

"Nione na miye," Mama munene akasema. Akaingia, akatikisa ya kwanza, akatikisa ya pili. "Ile ya kwanza haifai." Nyuma yake akaingia mwingine. Halafu mwingine. Donc filtre ya ile pirogue ilichaguliwa na bamama kama kumi na tano ya Bulengera, moja kwa moja, na bote balipatana, yenye haitokeaka hata ku chorale.

Niliwasha na manivelle paka mikono ikafa ganzi. Nikarudisha filtre ya millimètre, nikalipa ya pouce, nikavaa viatu. Ule muzee wa magasin hakuniuliza kintu. Habari ilikuwa imeshafika kwake.

Kurudi nikapitia Kyondo, nusu na miguu, nusu nyuma ya kinga, baiskeli ya mutu wa makaa. Ile barriere ya bugali sikutaka kuiona tena. Ningewaambia hii ni filtre, bangesema kula.

Nilifika Kyavinyonge siku ya tano, saa kumi. Kamyo ya samaki ilikuwa imenitangulia na ile habari yote. Mama alikuwa amesimama ku ukingo, mikono ku kifua. Akaniuliza, na uso wake kavu: "Umekula?"

Bavuvi bote bakaanguka chini na kicheko.

Nikafunga filtre. Nikaitikisa kwanza. Haikucheza. Nikapaka huile ku kaucho yake, nikakaza na mukono, nikatia huile mupya. Mama akapanda mu pirogue, akakaa chini mbele ya ile filtre, uso kwa uso, sawa mutu anangoja mwizi kukubali makosa. "Ikiruka," akasema, "nataka iruke miye nikiwa hapa." Rafiki yangu akashika usukani. Nikawasha.

Tuku-tuku-tuku-pha.

Nikaweka kiganja chini ya filtre. Nilikuwa nasali na macho wazi. Tukaacha ukingo. Rafiki yangu akaongeza nguvu, mbao zikatetemeka, meno yetu yakagongana. Tone moja ikaniangukia mu mukono. Roho ikatoka. Nikaitazama: ni jasho, ilitoka ku pua yangu mwenyewe. Tukazunguka mbali, paka kijiji ikawa ndogo, tukarudi. Kiganja ilikuwa kavu.

Mama akainuka, akapanguza kanga yake. "Kesho saa kumi na mbili uwe hapa," akasema. "Na siku zote zingine." Akashuka, akaenda kusimamia samaki yake.

Miye na rafiki yangu tukabaki mu pirogue, tunafunga kamba. Mwisho akasema:

"Nikuambie kintu, usikasirike. Ile siku uliondoka, Mama aliniuliza kama najua fundi mwingine hapa ku ziwa. Nikamwambia hakuna."

"Wasingya, asante, ndugu yangu."

"Najua batatu," akasema. "Na moja ni mudogo yangu, tumbo moja."